Ndai Inagonga ama Inaongea Tu? Vile Utasikiliza Subaru ya Mtumba Kabla Hujatoa Doh

Msee, tuseme ukweli. Umepiga kazi Diani msimu mzima, umeweka ganji kidogo kidogo kwa simu, na sasa unataka ndai. Umeona Forester nyeusi imeoshwa inang'aa pale Ukunda, bei imekaa poa, na broka ameshaanza kukuita mdosi. Anawasha injini, anakanyaga mafuta mara mbili, burrr, burrr, halafu anamalizia na ile laini yao ya siku zote: "Hii ni AWD bana, hata Chale unaingia nayo."

Hapo simama kidogo. Chale ni kisiwa. Maji yakijaa unavuka na boti, yakipwa unavushwa na trekta, na magari ya wageni yanaachwa huku bara. Kwa hivyo mtu anayekuambia utaingia Chale na Forester, ama hajawahi kufika huko, ama anataka uizamishe ukiwa ushamlipa.

Lakini ona vile anauza. Anakuuzia vitu viwili ambavyo wengi wetu hatujui kuvipima: sauti na beji. Sauti ya injini inakuchanganya, beji ya AWD inakupumbaza. Na kwa gari ya aina hii hivyo vitu viwili vimeshikana. Gari inayosukuma magurudumu yote manne ina shafti, difu na beringi nyingi kuliko Vitz ya jirani, na kila moja inaweza kupiga kelele. Ndiyo maana kuna wasee wamelipia ovaholi ya injini kumbe shida ilikuwa beringi ya gurudumu, na wengine wameambiwa "ni beringi tu hiyo" kumbe injini iko njiani kwenda kaburini. Ukijua kutenganisha sauti ya injini na sauti ya miguu, ushaokoa nusu ya doh yako.

Kwanza piga hesabu ya umri

Kabla hata ufungue boneti, jua unaangalia gari ya lini. Kiwango cha KEBS kinachoitwa KS 1515 hakiruhusu gari iliyotumika kuingia Kenya ikiwa imezidisha miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Sasa Forester ya SG5, ile ya kibox ambayo vijana wanaipenda, ilitengenezwa kuanzia 2002 mpaka mwisho wa 2007. Piga hesabu mwenyewe: zile za mwisho kabisa ziliingia Kenya karibu 2015. Ile iliyofuata, SH5, ilifika mwisho 2012, kwa hivyo za mwisho ziliingia karibu 2020.

Maana yake ni nini? Mtu akikuambia SG5 yake imetoka Japan juzi, hiyo ni hekaya. Hiyo gari imeshakula barabara za Kenya miaka kumi au zaidi. Na kama dashibodi inasoma kilomita 80,000, angalia raba ya pedeli ya breki, angalia usukani, angalia kiti cha dereva. Raba ikiwa imelika mpaka chuma, hizo kilomita zimerudishwa nyuma.

Maswali matatu ya kuuliza kila sauti

Fundi mzoefu hakisii. Anaiuliza sauti maswali matatu, na wewe unaweza kuyauliza bila spana hata moja.

La kwanza: inafuata nini? Gari ikiwa imesimama, weka nyutro na ukanyage mafuta polepole. Kama sauti inapanda na kushuka pamoja na injini, basi inatoka kwa injini ama vitu vinavyozungushwa na belti yake. Kama iko kimya hapo lakini inakuja gari ikitembea, shida iko chini: magurudumu, shafti, difu, ama ndani ya giaboksi. Kuna njia ya kuhakikisha. Ukiwa kwa barabara nyoofu isiyo na gari nyuma, kwa mwendo wa kama 60, achilia mafuta na uingize nyutro. Mizunguko ya injini itashuka lakini magurudumu yanaendelea. Sauti ikiendelea vilevile, si injini. Usizime injini ukifanya hivi, kwa sababu usukani na breki vitakuwa vizito ghafla.

La pili: ni lini? Asubuhi injini ikiwa baridi, ama baada ya nusu saa ikiwa moto? Hili swali ndilo mabroka hawalipendi.

La tatu: ni ukiibebesha nini? Ukipanda mlima, ukiachilia mafuta, ukikata kona kulia, ukikata kushoto. Sauti inayobadilika na mzigo inakuelekeza kwa kitu kimoja tofauti na ile inayobadilika na kona.

Fika mapema, uikute baridi

Mwambie muuzaji unakuja saa moja asubuhi na asiiwashe. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa na joto, kuna kitu kimefichwa, ama angalau umenyimwa nafasi ya kujua. Rudi siku nyingine.

Ikiwa baridi, vuta dipstiki kwanza. Oili iwe katikati ya alama mbili, isiwe na harufu ya petroli, isiwe na vumbi la chuma linalong'aa ukiisugua vidoleni. Ikiwa nzito kama asali, kuwa macho, kwa sababu kuna mchezo wa zamani wa kumwaga oili nzito sana ili injini inayogonga inyamaze kwa siku mbili tatu. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta uji mweupe mwingi, huenda maji yameingia kwenye oili, na hapo gasketi ya kichwa inashukiwa. Injini za Subaru za familia ya EJ, hasa zile za lita 2.5, zina jina baya kwa hiyo gasketi.

Sasa washa, radio ikiwa imezimwa. Hizi ndizo sauti utakazosikia:

Tik-tik nyepesi na ya haraka. Kama cherehani. Mara nyingi ni valvu na tapeti. Kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krenkishafti, kwa hivyo injini ikiwa mizunguko 700 kwa dakika, valvu moja inapiga kama mara 6 kwa sekunde. Ikitulia oili ikishapanda, si kesi kubwa. Lakini tik-tik ya baridi inayopotea injini ikipata moto inaweza pia kuwa egzosi inayovuja pale inaposhikana na injini: chuma kikipata joto kinatanuka na kuziba ufa. Weka mkono karibu, usiguse, usikie kama kuna pumzi inapiga.

Tok-tok ya baridi inayoisha baada ya dakika chache. Subaru za EJ zinajulikana kwa hii. Pistoni ikiwa baridi ina nafasi kidogo ndani ya silinda, inagonga ukuta. Ikipata joto inajaa na kunyamaza. Gari nyingi zinaishi nayo miaka. Itumie kuvuta bei chini, usiitumie kukimbia.

Gong-gong nzito ya chini inayozidi injini ikipata moto. Hii sasa ndiyo noma. Ni beringi za konirodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenkishafti. Inapiga kila mzunguko, yaani karibu mara 12 kwa sekunde kwa ile mizunguko 700, mara mbili ya valvu, na ina uzito wa nyundo iliyofungwa kitambaa. Sababu ya kuzidi ikiwa moto ni rahisi: oili ikipata joto inakuwa nyepesi, ile nafasi iliyolika inabaki wazi, chuma kinapiga chuma. Kanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,500 halafu uachilie. Mara nyingi itasikika zaidi pale inaposhuka. Fundi anaweza kuhakikisha kwa kuzima silinda moja moja. Akizima ile yenye shida, mgongo unapungua. Ukiisikia hii, usibishane bei. Shika njia. Ovaholi ya injini ya boksa inaweza kula doh ya boda boda mpya, na hapo bado hujabadilisha tairi.

Kulia kama paka asubuhi. Ni belti ya nje. Mwaga maji kidogo sana kwenye zile mistari za belti ikizunguka, mkono ukiwa mbali. Kelele ikinyamaza kwa muda, belti imezeeka ama puli hazijakaa mstari mmoja. Ikizidi, belti imelegea. Vyote viwili si vya kukukosesha usingizi.

Mngurumo wa mawe kutoka mbele ya injini, nyuma ya zile kava za plastiki. Huku ndiko taimingi belti inaishi, pamoja na puli zake. Kwa EJ, hii belti inabadilishwa kila kilomita 100,000, na wengi wanabadilisha belti peke yake na kuacha puli zile kuukuu. Puli ikikwama, belti inakatika, na kwa EJ nyingi valvu zinagongana na pistoni. Usikubali "ilibadilishwa." Itisha risiti. Hakuna risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa na utoe hiyo gharama kwenye bei. Kuanzia mwisho wa 2010, Forester za lita 2.0 zisizo na tabo zilianza kutumia injini ya FB, ambayo ina cheni badala ya belti.

Cha-cha-cha ya bati. Huu mtetemo huwa unatisha watu bure. Chini ya gari kuna vibati vya kuzuia joto la egzosi. Huku kwetu Pwani chumvi inakula skrubu zake, bati linabaki linacheza. Gonga egzosi na ngumi injini ikiwa baridi. Bati likilia vilevile, dawa yake ni klipu ya paipu ya bei ya chapati chache.

Na ile burrr ambayo broka aliipigia kelele? Hiyo si nguvu na si ugonjwa. Kwa Subaru nyingi za zamani, mabomba ya egzosi ya upande wa kulia na kushoto hayana urefu sawa, kwa hivyo moshi unafika kwa zamu zisizolingana, na hapo ndipo ule mdundo unatoka. Kuna Subaru za nguvu zaidi ambazo hazina huo mdundo kabisa. Usilipie muziki.

Sasa itoe barabarani, na isiwe raundi ya mtaa

Broka atataka mzunguke Ukunda mjini dakika tano mrudi. Kataa. Injini inahitaji joto la kweli. Shika barabara ya Lunga Lunga mpaka Msambweni na urudi. Kisha ipeleke Kombani upande nayo mpaka Kwale mjini. Ile miinuko ya Shimba Hills ni mtihani wa bure. Ukikanyaga mafuta mlimani ukisikia kama shanga zinatikiswa kwenye kopo, mafuta yanawaka kabla ya wakati wake: inaweza kuwa petroli mbaya, masizi ndani ya silinda, ama joto limezidi. Cheki mshale wa joto hapo hapo. Na kama una muda, ipange kwenye foleni ya feri Likoni mchana. Gari yenye gasketi mbovu ama rejeta iliyoziba inavumilia ikipata upepo, lakini kwa foleni inajitoa yenyewe: mshale unapanda, na ukiangalia kile chupa cha maji ya rejeta unaona mapovu. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto, utachomeka.

Ukiwa kwa mwendo, sikiliza miguu sasa:

Mvumo kama wa ndege inayopaa, unaopanda na mwendo na si na mizunguko ya injini, ni beringi ya gurudumu ama tairi zilizolika vibaya. Yumba kidogo kushoto na kulia kwa barabara iliyo wazi. Ukiyumba kushoto mvumo ukazidi, uzito umelemea upande wa kulia, anza kutafuta huko. Kama kuyumba hakubadilishi kitu, cheki tairi kwanza.

Ka-ka-ka ukikata kona kali ukiwa umekanyaga mafuta ni jointi ya CV ya mbele. Angalia zile raba zake kama zimepasuka na grisi imeruka kila mahali. Mchanga ukiingia humo, jointi haina maisha.

Mlio mwembamba kutoka nyuma unaobadilika ukikanyaga na kuachilia mafuta ni difu ya nyuma. Mtetemo unaokuja chini ya kiti kwa mwendo fulani ni shafti ndefu ya katikati ama beringi inayoishikilia. Hizi mbili mwenye gari ya kuvutwa na magurudumu ya mbele pekee hazijui, kwa sababu hana hivyo vitu.

AWD ni nini hasa?

Gari ikikata kona, magurudumu yake manne hayatembei umbali sawa. Ya nje yanazunguka njia ndefu kuliko ya ndani, na ya mbele ndefu kuliko ya nyuma. Ukiyafunga yote pamoja kwa chuma, kwa lami yatavutana mpaka kitu kivunjike. Kwa hivyo kila kampuni imetafuta njia yake ya kuyaunganisha bila kuyafunga kabisa, na hapo ndipo majina yanachanganya watu.

Kuna fowili ya kuingiza mwenyewe, kama Jimny. Kwa lami inatembea magurudumu mawili, ukifika mchangani ama matopeni unaingiza manne. Ukiisahau kwa lami, unaumiza giaboksi.

Kuna ile inayongoja. Mbele kunavuta kawaida, mbele kukiteleza ndipo nyuma kunaitwa. Fielder na Probox zenye fowili zinatumia chombo kilichojaa mafuta mazito ya silikoni: upande mmoja ukizunguka haraka kuliko mwingine, mafuta yanashika na kuvuta upande wa pili. X-Trail inatumia klachi ya umeme na ina kitufe cha kuchagua magurudumu mawili, otomatiki, ama kufunga. Hiyo ya kufunga ni ya mwendo mdogo; ukiongeza kasi inajirudisha otomatiki.

Halafu kuna ya wakati wote. Prado ina difu ya katikati ambayo unaweza kuifunga. Subaru ya manyuo kwa kawaida inagawa nguvu nusu kwa nusu mbele na nyuma. Subaru ya otomatiki ya zile Forester unazoangalia inapeleka nguvu nyingi mbele, na kuna klachi ya sahani nyingi nyuma ya giaboksi, inayoendeshwa na kompyuta, inayoamua ya nyuma ipate kiasi gani.

Na kuna kitu kimoja AWD haifanyi: haisimamishi gari. Inakusaidia kuondoka. Mvua ikinyesha barabara ya Diani, Forester na Vitz zinasimamishwa na vitu vilevile, breki na tairi. Wasee wengi wameingia mtaroni wakiamini beji.

Vile utajaribu hiyo AWD kabla hujaambiwa

Anza na tairi. Zote nne ziwe saizi moja, aina moja ikiwezekana, na zimelika karibu sawa. Tairi moja mpya na tatu zilizoisha inamaanisha magurudumu hayazunguki sawa hata kwa barabara nyoofu, na ile klachi inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Kanuni inayotumika sana ni kwamba tofauti ya kina cha meno isizidi milimita 1.6 hivi. Ukikuta tairi za kila namna, jiulize hiyo gari imeishi hivyo muda gani.

Pili, ikiwa imepata moto, tafuta uwanja wa lami. Kata usukani mpaka mwisho, achilia breki, iache izunguke polepole. Inafaa iteleze vizuri kama ya kawaida. Kama inasita, inarukaruka, ama unahisi kuna mtu anaivuta nyuma, ile klachi ya giaboksi imekwama. Rudia upande wa pili.

Tatu, na hii shika vizuri. Subaru nyingi za otomatiki za zamani zina nafasi ya fyuzi ndani ya boneti iliyoandikwa FWD. Ukiweka fyuzi hapo, gari inabaki ya magurudumu ya mbele. Iliwekwa kwa sababu kama za kutumia tairi ndogo ya akiba. Lakini mjanja anaweza kuiweka siku ya kuuza ili ule mvutano usisikike ukikata kona. Fungua uangalie: hiyo nafasi iwe tupu. Taa ya FWD ikiwaka kwa dashibodi, ama ukikuta taa yake haiwaki kabisa hata ukiweka fyuzi, uliza maswali.

Nne, lala chini uangalie. Kuna shafti inayotoka giaboksi kwenda difu ya nyuma? Wapo mafundi wanaoitoa, iwe ni kukwepa kununua spea ama kwa imani kwamba gari itakunywa mafuta kidogo. Beji inabaki, AWD haipo.

Tano, ipeleke kwa mchanga laini kidogo, kama zile njia za ndani kuelekea Kinondo, na umwambie rafiki asimame pembeni. Ondoka kwa kukanyaga kiasi. Aangalie ni magurudumu gani yanarusha mchanga. Ya mbele pekee yakirusha na ya nyuma yamelala, ushajua.

Chumvi haina urafiki

Gari ya Nairobi na gari ya Pwani zinazeeka tofauti. Hii yetu angalia chini: mabomba ya breki, pale springi za nyuma zinapokaa, fremu inayobeba injini. Kutu ya juu juu ni kawaida. Kutu inayomeguka ukiigonga na bisibisi si kawaida.

Na kuna zile zilizoonja bahari. Mtu aliegesha ufuoni maji yakiwa yamekupwa, akaenda kula samaki, kurudi akakuta bamvua ishafika milangoni. Hiyo gari inakaushwa, inaoshwa, inauzwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama kuna mstari wa maji ama chumvi. Angalia reli za viti, angalia shimo la tairi ya akiba, angalia plagi za nyaya chini ya dashibodi kama zimekuwa kijani. Mwambie fundi afungue oili ya difu kidogo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, kunja mkono wako uende nyumbani.

Ukishanunua yako, mchangani punguza upepo wa tairi kutoka 32 mpaka karibu 18, nenda taratibu bila kukata usukani ghafla, na ukirudi lami jaza upepo kabla ya kukimbia. Osha chini na maji baridi yasiyo na chumvi. Na ufuo wenyewe uache. Kasa wanataga mayai kwenye hizo fukwe zetu, na Forester yako haina shida huko.

Je, unaihitaji kweli?

Hili swali hakuna broka atakuuliza. Kama maisha yako ni Ukunda, Diani, Likoni na Mombasa, hiyo yote ni lami. AWD itakuwa inakula mafuta zaidi, itakudai tairi nne badala ya mbili, oili ya difu mbili, na gari ikiharibika itabidi ibebwe juu ya lori, kwa sababu kuivuta magurudumu mawili yakiwa chini kunaweza kuua ile klachi. Kama shida yako ni mawe na mashimo, unachohitaji kwanza ni gari iliyoinuka, si AWD. Lakini kama unabeba wageni kwenda Shimba Hills mvua ikinyesha, ama kwenu ni ndani ndani Kinango ambako barabara inageuka uji, hapo AWD nzima inajilipa.

Kwa hivyo, siku ya kwenda, enda hivi. Asubuhi, injini baridi. Chukua fundi wako, si yule broka "anamjua," na umlipe hata kama hununui. Ada yake ni ndogo kuliko makosa ya milioni. Aje na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Kikionyesha makosa yamefutwa juzi, mtu alikuwa anazima taa ya injini kabla hujafika. Fanya upekuzi wa gari kwa NTSA kupitia eCitizen, uhakikishe jina ni la huyo anayeuza na hakuna mkopo umelalia hiyo logibuku. Namba ya chesisi ifanane na ya karatasi.

Na doh ikae kwa simu yako mpaka hayo yote yaishe. Akikuambia kuna mtu mwingine anakuja saa nane na cash, mwambie amuuzie. Foresta si kasa, haziishi.